Mbiu ya Mgambo na Simu ya Mkononi: Historia ya Onyo katika Kakamega

Wahenga wa pwani walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo." Mbiu ni pembe ya mnyama ipulizwayo ili watu wakusanyike, na mgambo ni tangazo la kuwaita watu kwa shauri liwahusulo wote. Methali hii husemwa kila siku, hata na watu ambao hawajapata kuiona mbiu yenyewe wala kuisikia sauti yake. Lakini tukiitazama kwa makini, tutaona kwamba yatueleza nusu ya habari tu. Yasema kuna jambo; haisemi ni jambo gani, wala haimwambii msikiaji afanye nini. Katika siku za zamani nusu ile ya pili haikuwa na haja ya kusemwa, kwa sababu kila mtu aliijua tangu utotoni: ukisikia mbiu, njoo.

Katika insha hii nataka kueleza historia ya onyo katika nchi ya Kakamega, magharibi mwa Kenya, tangu wakati wa nduru na ngoma mpaka wakati huu wa simu za mkononi. Shabaha yangu si kuvihesabu vyombo na kuvisifu. Nataka kuonyesha kwamba maonyo ya wanadamu ni ya namna mbili. Namna ya kwanza husema, "Njooni." Namna ya pili husema, "Ondokeni." Babu zetu walikuwa hodari sana katika ile ya kwanza. Hii ya pili ndiyo tunayojifunza sasa, na karo yake imelipwa kwa roho za watu.

Mwishoni mwa mwaka 1883, msafiri Mskoti aitwaye Joseph Thomson alipita katika nchi ya Wakabras, akielekea Ziwa Victoria. Aliona vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo. Ukuta ni kitabu kwa mtu ajuaye kusoma: hueleza hofu ya wale walioujenga. Watu wa nchi ile walihofu maadui waliokuja kuteka ng'ombe, na walihofu wanyama wakali wa usiku. Lakini ukuta pasipo mlinzi ni udongo tu, na mlinzi pasipo sauti ni mtu mmoja tu. Kilichowalinda wenyeji hasa ilikuwa ni nduru.

Nduru ilipigwa kwa mambo mengi: adui amevamia, nyumba inaungua, chui ameingia zizini, mtoto amepotea, mtu ametumbukia mtoni. Mwenye msiba alipaza sauti. Jirani wa kwanza aliyesikia akaipokea na kuipeleka kwa wa pili, na wa pili kwa wa tatu, hata kilima kizima kikajua. Kila aliyesikia alishika alichokuwa nacho, mkuki au jembe au mtungi wa maji, akakimbilia huko sauti ilikotoka. Hakuuliza kwanza kuna nini. Mtu mzima aliyebaki kitandani wakati nduru ikilia alipaswa kujieleza kesho yake, na mara nyingine alishukiwa kwamba uovu ule alikuwa anaufahamu. Hapakuwa na polisi siku zile, wala gari la zimamoto, wala hospitali. Msiba wa mmoja uliwekewa bima na miguu ya wote.

Pamoja na nduru palikuwa na ngoma. Katika nchi ya Waisukha na Waidakho, kusini mwa mji wa Kakamega, iko ngoma iitwayo isukuti, ambayo hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Hupigwa wakati wa kuzaliwa mtoto, wakati wa jando, wakati wa arusi, na wakati wa mazishi. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika isukuti katika orodha ya mila za ulimwengu zinazohitaji kulindwa upesi zisije zikapotea. Sidai kwamba isukuti ilikuwa king'ora cha hatari. Ilikuwa, na ingali, sauti ya furaha na ya huzuni. Lakini hata ngoma hii ilikuwa na tabia moja na nduru: iliwaita watu pamoja. Mlio wake uliposikika kutoka ng'ambo ya bonde, msikiaji alijua pana watu waliokusanyika, na kwamba naye anangojewa.

Basi tuzipime fadhila za onyo hili la kale. Kwanza, lilisikika na kila mtu, tajiri na maskini, mzee na mtoto, wala halikuhitaji fedha. Pili, lilieleweka, maana lilikuwa katika lugha ya nyumbani. Tatu, liliaminika. Sauti ya mpiga nduru ilijulikana, watu walisema, "Huyo ni mama fulani, yule si mtu wa mchezo." Aliyepiga nduru ya uongo alipata aibu ambayo hakuisahau. Kusikika, kueleweka na kuaminika: hizi ndizo nguzo tatu za onyo, na chombo chochote kipya hakina budi kupimwa kwazo.

Lakini lilikuwa na upungufu wake. Nduru haikuweza kwenda mbali haraka. Mto Nzoia, mathalani, hupata maji yake kutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon, ukapita katika nchi ya Kakamega karibu na Mumias, kisha ukamwaga maji yake katika Ziwa Victoria huko Budalangi. Mvua inyeshapo milimani, jua huweza kuwa linawaka Budalangi, na mkulima akawa anapalilia shamba lake kwa amani, huku mafuriko yako njiani yakimjia. Hakuna koo la mwanadamu lililoweza kumpelekea habari ile katika masafa yale. Na upungufu wa pili, ambao ni mkubwa zaidi, ni huu: nduru iliwaita watu wote waende palepale penye hatari. Kwa adui na moto na chui, ilikuwa ni sawa, maana wingi wa watu ndio uliokuwa dawa. Palikuwa na hatari nyingine ambazo wingi wa watu si dawa yake, bali ni chakula chake.

Serikali ya Waingereza ilipokuja ilifanya makao yake kwanza Mumias, karibu na mfalme wa Wanga, Nabongo Mumia. Na mwaka 1920 makao hayo yakahamishiwa Kakamega. Tangu hapo mbiu ikawa mikononi mwa serikali. Chifu aliitisha baraza, na liguru, yaani mzee wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu siku na mahali. Njia hii ilikuwa na manufaa, kwa kuwa habari za ugonjwa wa mifugo na chanjo za watu zilifika mpaka vijijini. Lakini mbiu hii ilipaza sauti kutoka juu kwenda chini tu. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa karibu na Kakamega, na wachimbaji wa Kizungu wakamiminika. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya wenyeji haitaondolewa pasipo wao kushauriwa na kupewa ardhi nyingine badala yake. Mwezi Desemba mwaka 1932 sheria ile ilibadilishwa ili dhahabu ichimbwe pasipo masharti hayo. Naliandika jambo hili hapa kwa sababu linahusu nguzo ya tatu. Serikali ambayo jana haikuwaambia watu lililo muhimu kwao, leo itapata shida kuaminiwa isemapo, "Tahadharini." Imani hujengwa katika siku za salama, nayo hutumiwa katika siku za hatari.

Kisha ikaja redio. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928, ukiwa umekusudiwa walowezi. Na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia matangazo ya Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika yakapewa nafasi. Baada ya uhuru, mwaka 1964, utangazaji ukawa mali ya taifa kwa jina la Sauti ya Kenya. Wazee wengi wa Kakamega wanakumbuka jinsi familia zilivyonyamaza jioni wakati wa kusomwa matangazo ya vifo. Mtu aliyekuwa akifanya kazi Mombasa alipata kujua kwa njia hiyo kwamba baba yake amefariki kijijini, akapanda basi usiku uleule. Kwa mara ya kwanza sauti ya msiba ilivuka nchi nzima kwa nukta moja. Hata hivyo redio ilikuwa na mambo mawili iliyoshindwa. Usiku wa manane ilizimwa, na watu wakalala. Tena ilisema na taifa zima kwa pamoja. Haikuweza kumnong'oneza mtu wa bonde moja kwamba leo hatari ni yako wewe.

Si haki kupita hapa bila kuwataja wazee wa ukoo wa Nganyi, katika nchi ya Bunyore, ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kakamega na sasa ni sehemu ya Kaunti ya Vihiga. Watu wa ukoo huu wamejulikana kwa vizazi kadhaa kwa elimu yao ya mvua. Huchungua kuchanua kwa miti, mwendo wa ndege na wadudu, na mwelekeo wa pepo, katika misitu midogo inayotunzwa kwa heshima. Tangu mwaka 2008 hivi, wataalamu wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa walianza kukaa nao pamoja kabla ya msimu wa mvua, kila upande ukileta ujuzi wake, mpaka wakapatana juu ya utabiri mmoja. Hapana shaka wako waliocheka. Lakini waliofanya hivyo walijua kwamba mkulima huamini upesi zaidi neno analolisikia kutoka kinywa anachokijua. Na huko Budalangi idara hiyohiyo ilisaidia kuanzisha kituo kidogo cha redio, ili watu wa kando ya mto wapate habari za maji katika lugha yao.

Simu za mkononi zilienea Kenya kuanzia mwaka 2000, wakati makampuni ya Safaricom na KenCell yalipoanza kushindana. Kabla ya hapo simu ilikuwa kitu cha ofisi na cha matajiri. Katika muda wa miaka saba tu wateja wa simu nchini walipita milioni kumi, na minara ikasimama juu ya vilima ambavyo zamani vilipokezana nduru. Mwezi Machi mwaka 2007 ikaanza huduma ya M-Pesa, na simu ikawa mkoba wa fedha. Basi ikawa kana kwamba kila mtu ametiwa mbiu mfukoni. Swali lililobaki ni hili: nani ataipuliza, na itasema nini?

Kabla ya kulijibu swali hili kwa habari za Kakamega, na tuelekeze macho pwani kwa muda mfupi. Alfajiri ya tarehe 26 Desemba 2004, kwa saa za Kenya, tetemeko kubwa lilitokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra. Mawimbi yake yaliua watu zaidi ya laki mbili kando ya Bahari ya Hindi. Kufika Afrika ya Mashariki yalichukua zaidi ya saa saba. Katika saa hizo habari za maafa ya Asia zilikuwa zimekwisha tangazwa duniani. Somalia, ambako hapakuwa na serikali yenye nguvu ya kuzichukua habari zile na kuzipeleka ufukoni, watu wapatao mia tatu walikufa. Kenya, ambako maofisa waliwaondoa watu katika fukwe za Mombasa na kwingineko, alikufa mtu mmoja. Bahari ilikuwa moja, ingawa nguvu ya mawimbi haikuwa sawa kila mahali. Lakini tazama amri iliyotolewa siku ile. Haikuwa "Njooni tusaidiane." Ilikuwa "Ondokeni." Tena ilihitaji nguvu kutekelezwa, maana bahari ikibadilika tabia yake, tamaa ya kwanza ya mwanadamu ni kusogea karibu aione.

Sasa turudi Kakamega. Mwezi Agosti mwaka 2007 mvua kubwa ilinyesha upande wa Malava, katika nchi ileile ya Wakabras ambayo Thomson aliipita. Katika kijiji cha Khuvasali udongo wa kilima ulilegea, ukaporomoka, ukafunika watu na nyumba zao. Majirani walisikia. Walifanya kama walivyofundishwa na baba zao, na baba zao na babu zao: walikuja mbio, wakiwa na majembe na mikono mitupu, wakaanza kuchimba ili kuwaokoa waliofunikwa. Walipokuwa wamekusanyika pale, kilima kiliporomoka mara ya pili, kikawafunika hata wale waliokuja kuokoa. Watu zaidi ya kumi walipoteza maisha yao.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo. Ni rahisi kwa mtu aliye mbali, akiwa amekaa kitini, kusema kwamba watu wale walikosea. Mimi sisemi hivyo. Watu wale hawakufa kwa ujinga wala kwa uzembe. Walikufa kwa wema. Walitii sheria iliyo bora kuliko zote walizorithi: kwamba mtu akilia, nenda. Kijiji ambacho watu wake hawangekwenda hakistahili kuitwa kijiji. Lakini sheria ile ilitungwa kwa ajili ya chui na moto na adui. Kilima chenye maji tumboni ni adui wa namna nyingine. Hakifukuzwi kwa wingi wa watu. Aliyehitajika siku ile ni mtu mwenye maarifa na sauti ya kuaminika, wa kusema: "Kilima bado hakijatulia. Wachimbaji wawe wachache, mlinzi akae upande wa juu akitazama, na wengine wote waende ng'ambo ya bonde." Neno hilo halikupatikana katika nduru, kwa kuwa nduru haina maneno.

Tangu hapo jambo hili limeonekana mara nyingine katika sura nyingine. Mwezi Januari mwaka 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, katika Bonde la Ufa, na watu zaidi ya mia moja waliangamia kwa moto baada ya umati kukusanyika kuchota petroli. Mwezi Julai mwaka 2021 yakatokea yaleyale Malanga, katika nchi ya Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia. Huko nia ya wengi haikuwa kuokoa; lakini mguu ulikuwa uleule, uliozoea kukimbilia mahali penye jambo. Na habari ya mafuta yaliyomwagika sasa haikupigiwa nduru tu. Mtu angeweza kuwapigia ndugu zake simu waje. Hapo twaona kwamba chombo kipya mikononi mwa desturi ya kale huweza kuongeza hatari badala ya kuipunguza.

Miezi michache baada ya Khuvasali, Kenya ilipata msiba mwingine ulioijaribu simu kwa njia kali zaidi. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulifuatwa na mapigano yaliyoua watu zaidi ya elfu moja na mia moja. Serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, na watu wakabaki na simu zao. Zilizunguka jumbe za chuki zilizowachochea watu dhidi ya majirani zao. Lakini mwezi Januari 2008 Wakenya wachache, miongoni mwao Ory Okolloh na Juliana Rotich, wakishirikiana na wenzao, walianzisha mtandao walioupa jina la Kiswahili, Ushahidi. Mtu yeyote aliweza kupeleka ujumbe mfupi kueleza ameona nini na wapi, na habari hizo zikawekwa juu ya ramani. Kwa njia hii mbiu iliyokuwa ikishuka kutoka juu tu ilianza kupanda kutoka chini. Fikra hiyo ya Wakenya ilitumiwa baadaye katika nchi nyingi, ikiwa ni pamoja na Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010. Jambo hili ni la kujivunia. Na funzo lake ni kwamba simu haina dini wala kabila. Husema yale ambayo mwenye kuishika ameamua kusema.

Sasa inafaa kueleza jinsi onyo linavyoweza kufika katika simu, kwa maana watu wengi hudhani ni njia moja, kumbe ni mbili. Njia ya kwanza ni ujumbe mfupi wa kawaida. Ujumbe huu ni kama barua: una jina la mpelekewa, nao hupelekwa kwa mtu mmoja mmoja. Ikiwa watu ni laki tano, barua ni laki tano, na posta hujaa. Wakati wa msiba, ambapo kila mtu anampigia ndugu yake, njia hii huweza kuziba, na onyo la saa mbili usiku likafika saa nne. Njia ya pili ni tangazo la mnara. Hapa mnara wa simu hupaza ujumbe mmoja hewani, na kila simu iliyowashwa na iwezayo kupokea tangazo hilo, katika eneo la mnara ule, huusikia kwa pamoja, kama vile watu wote wa mtaa wasikiavyo adhana au kengele ya kanisa. Tangazo hili halihitaji kujua nambari ya mtu, halihitaji fedha katika simu, wala msongamano wa wapigaji haulizuii. Tena huja na mlio wake wa pekee, wa kumwamsha aliyelala. Na lililo kuu ni kwamba laweza kutolewa na minara ya bonde moja tu, likaacha mabonde mengine yalale. Kwa hiyo jambo lile ambalo redio ililishindwa, mnara huliweza.

Mwaka uleule wa 2007 wa msiba wa Khuvasali, Japani ilianza kuwatangazia watu wake wote maonyo ya matetemeko, na kabla mwaka haujaisha maonyo hayo yakaanza kufika katika simu kwa njia ya minara. Marekani ilianza mpango wake mwaka 2012. Lakini hata mataifa yenye mali hayakuepuka makosa. Tarehe 13 Januari 2018 watu wa visiwa vya Hawaii walipata onyo katika simu zao kwamba kombora linawajia. Wazazi walikumbatia watoto wao, wengine wakajificha ndani ya mashimo. Kumbe onyo lilikuwa limetumwa kwa makosa, na dakika 38 zilipita kabla ya simu hizo kupata ujumbe wa kulisahihisha. Nduru ya uongo ya zamani iliaibisha mtu mmoja; nduru ya uongo ya siku hizi hutikisa nchi. Mwezi Machi mwaka 2022 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza shabaha ya kwamba kila mtu duniani awe chini ya ulinzi wa maonyo ya mapema katika muda wa miaka mitano, yaani kufikia mwaka 2027.

Kwamba jambo hili lahitajika kwetu hapana haja ya kubishana. Kakamega ni nchi ya mvua nyingi, na ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa sana na radi. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, huko Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli yalipasua njia yakawakumba watu wakiwa usingizini, wakafa makumi. Mtu aliyelala hapigi nduru. Mnara haulali.

Lakini tusije tukafanya kosa la kukiabudu chombo. Onyo hata likiwa jema halifai kitu ikiwa watu hawana njia ya kuokokea. Jioni ya tarehe 3 Februari 2020, watoto wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikuwa wakitoka madarasani. Walisongamana katika ngazi za jengo, wakaanguka na kukanyagana, na watoto 14 wakafa. Mji mzima ulilia, na nchi pamoja nao. Msiba ule haukuwa wa kilima wala wa mto, na hakuna simu ambayo ingeuzuia. Unatukumbusha kwamba kuondoka nako kuna elimu yake. Kuja mbio kila mtu anakujua bila kufundishwa. Lakini kuondoka kwa utaratibu, darasa moja baada ya jingine, bila kusukumana, hata moyo ukiwa unapiga kwa hofu, ni jambo la kufanyiwa mazoezi mara kwa mara kabla hatari haijaja.

Tena si kila mtu ana simu. Yuko bibi mzee ambaye simu yake hutiwa moto dukani mara moja kwa juma. Yuko kiziwi ambaye mlio haumfikii. Yuko mtu asiyejua kusoma, na yuko ajuaye kusoma lakini si lugha iliyoandikwa katika onyo. Kwa hao mnara utakuwa umepiga kelele bure, isipokuwa jirani atoke aende akabishe hodi. Mwaka 2013 serikali ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi, ili majirani wafahamiane na kulindana. Mpango wa namna hii ukiungwa na mnara, kila mmoja utamfaa mwenzake: mnara ulete neno, na jirani alifikishe. Liguru wa zamani aliyepita nyumba kwa nyumba hajapoteza kazi yake. Amepata msaidizi mwenye mbio.

Basi wewe mwanafunzi usomaye insha hii, iwe ni Kakamega au kwingineko, una sehemu yako katika historia hii. Katika nyumba nyingi wewe ndiwe msomaji wa simu ya mama na ya bibi. Likija onyo, lisome mpaka mwisho, uangalie limetoka kwa nani, limetaja mahali gani, na limeamuru nini. Usilipeleke kwa wengine kabla hujalipima, na ukishalipima usikae nalo peke yako. Ikiwa wewe ndiwe unayeomba msaada kwa nambari 999 au 112, sema mahali ulipo kwanza, maana simu ikikatika kabla hujataja mahali, mengine yote hayatamwongoza mtu kwako. Na utakaposikia nduru, usiache kuitika, kwani hiyo ni heshima tuliyorithi. Ila njiani ukienda, jiulize swali moja ambalo babu zetu hawakuwa na haja ya kujiuliza: je, hatari hii yataka watu waje, ama yataka watu waondoke?

Watu wa Khuvasali hawakupata nafasi ya kujiuliza swali hilo. Sisi tunaowakumbuka tunayo.